Vichwa Viwili, Dishi Moja

Kila jioni ilikuwa hivyo hivyo. Saa kumi bibi alitazama tamthilia yake. Miguu ilishamkatalia kutembea, na tamthilia ndiyo iliyokuwa shoga yake. Saa kumi na moja mkwewe, mshonaji, alifuata masomo ya ushonaji kwenye televisheni hiyo hiyo. Mtihani wa cheti ulibaki wiki tatu.

Lakini chaneli hizo mbili zilitoka kwenye setilaiti mbili. Kila siku mume wa mshonaji alipanda paani kuligeuza dishi.

"Bado! Bado! Hapo hapo!" walimpigia kelele kutoka ndani.

Siku ya Jumanne aliteleza, akateguka kifundo cha mguu.

"Dishi libaki kwenye masomo yako," bibi alisema. "Mimi nitatazama ukuta."

"Thubutu, mama! Ukuta hutautazama, na mtihani siukosi."

Jirani yao, fundi redio, aliliteremsha dishi, akalisimamisha kwenye nguzo uani.

"Kwani hili ni kuku, lazima lilale juu?" alisema. "Mradi mbele yake pawe wazi. Tena setilaiti zenu ziko karibu karibu. Ongezeni kichwa cha pili."

"Kichwa?"

"Hiki kidude cha mbele, kinachopokea mawimbi. Setilaiti dhaifu tunaiachia kichwa cha katikati. Yenye nguvu itapata cha pembeni. Nikitoka kazini nitakifunga."

Mshonaji hakuwa na subira hiyo; alikwenda kukinunua kichwa mwenyewe. Setilaiti ya pili ilikuwa upande wa kushoto, basi akakifunga kichwa kushoto. Picha haikuja. Akakisogeza zaidi kushoto. Wapi! Jasho likamtoka, hasira zikampanda, lakini bisibisi hakuiweka chini.

Fundi aliporudi alicheka. "Lete kioo cha wateja wako."

Mshonaji akakishika mbele yake. Fundi akakimulika kwa tochi kutoka kushoto. Mwanga ukadunda, ukatua ukuta wa kulia.

"Kumbe!" mshonaji alisema. "Dishi nalo linarudisha mawimbi hivyo hivyo!"

"Ndiyo. Yanayotoka kushoto, yapokee kulia."

Mshonaji akakihamishia kichwa kulia. Akakisogeza kidogo kidogo, upana wa kidole, kisha nusu yake.

"Bado!" bibi aliita kutoka ndani. "Bado... Hapo hapo! Usipumue!"

Mshonaji akakaza skrubu. Fundi akaziunganisha nyaya za vichwa vyote kwenye swichi ndogo, waya mmoja ukaingia ndani. Kuanzia hapo rimoti ndiyo iliyochagua setilaiti.

Kesho yake, saa kumi na moja kamili, bibi alibonyeza rimoti mwenyewe.

"We mama, mwalimu wako amefika! Njoo, usiniaibishe."

Wiki tatu mshonaji hakukosa hata somo moja. Alifaulu. Na gauni la kwanza aliloshona baada ya kupata cheti lilikuwa la bibi. Alilivaa saa kumi, akakaa mbele ya tamthilia yake.