Mgeni wa Ziwa Jipe

Shangazi yake Mabruka alitutuma samaki.

Tulikuwa Taveta kumtembelea, mimi na mke wangu, tukitokea Nairobi kwa treni. Ilikuwa mwaka jana, wa sitini na tisa. Mabruka alikuwa na mimba ya miezi minne. Ya kwanza ilikuwa imeharibika, kwa hiyo hii tuliibeba wawili, kwa hofu moja. Nilidhani milima na maziwa ya kule yangemtuliza. Mji wenyewe ni mdogo, umezungukwa na makaburi ya vita vya Mjerumani, na Kilimanjaro huonekana asubuhi tu, kisha hujifunika kama mtu asiyetaka salamu.

Lori la mkonge lilitushusha ukingoni mwa ziwa Jipe, dereva akaahidi kuturudia. Tukanunua samaki. Jua likazama nyuma ya milima ya Upare. Lori halikuonekana.

Njaa ilipotushika, Mabruka akafungua kitambaa cha mahamri.

Ndani ya matete kitu kikachakarisha... kikanyamaza... kikachakarisha tena.

Akatoka mtu. Mrefu, miguu mitupu, koti la kaki limepauka. Harufu ya tope bichi ilimtangulia. Alikuwa akitupita tu, wala hakutuangalia.

"Karibu," Mabruka akasema.

Simlaumu. Kwetu Mombasa ndivyo tulivyolelewa: ukiwa unakula na mtu akapita, humwachi bila kumkaribisha. Naye hujibu "Starehe," akaenda zake. Hakuna anayeketi. Ni adabu tu.

Yule mtu akasimama.

"Nimekaribia," akasema.

Sauti ilikuwa kavu, kana kwamba haijatumika miaka mingi. Akaketi kati yetu. Akala bila kutafuna, hamri baada ya hamri, macho yake yametua tumboni mwa mke wangu. Taa za lori zilipotumulika, nikafumba macho. Nilipofumbua, alipokuwa ameketi palikuwa na nyasi zilizolala.

Zimelowa chepechepe.

Bi Mishi, yule shangazi, alitusikiliza huku akipaa samaki. Kisu kikasimama.

"Aliaga?"

"Hakuaga, shangazi."

"Basi hajaondoka, wanangu."

Alisema wapagazi wengi wa vita vile walikufa njaa kwenye matete yale, wala hawakuzikwa. Kisha akasema labda siye, yeye hajui, na akaendelea kupaa samaki.

Tukarudi Nairobi, kwenye chumba tulichopanga Kangemi. Kila siku niliteremka mjini, kwenye duka la vitambaa nilikokuwa karani. Jioni moja nikamkuta Mabruka amepakua sahani tatu.

"Hii ya nani?"

Akaitazama kama ndiyo kwanza anaiona. "Wallahi sijui. Mkono umepakua wenyewe."

Ikawa desturi. Mabruka alikula akasaza njaa, akala tena, mashavu yakazidi kubonyea. Sahani ya tatu haikuguswa. Lakini asubuhi wali wake haukuwa na harufu yoyote, na hata sisimizi tulipoumwaga nje waliuzunguka, wakapita mbali.

Daktari akampima tumbo mara mbili.

Mtoto hakui, akasema.

Nilimweleza jirani yetu Peres, muuza mboga aliyetoka magharibi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Twahir, mwanaume mzima unaogopa mgeni? Si nyinyi watu wa pwani mnasemanga, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Mpe basi! Chukua hata hii yangu."

Alikuwa akinitania. Mimi nimesoma vitabu vingi, lakini mtu anayezama hashiki kitabu. Nikachukua jembe.

Baada ya maghrib nikalilaza kando ya sahani ya tatu.

"Ndugu," nikanong'ona, "umekula kwetu siku nyingi. Jembe hilo."



Kisha ile harufu ya tope... Mlango ukasogea, polepole. Jembe halikuwapo tena. Na nyuma ya nyumba tukasikia.

Puu... puu... puu.

Kulipokucha, kiwanja kigumu cha nyuma ya nyumba kilikuwa kimelimwa chote. Matuta yamenyooka, udongo mweusi, mbichi, ilhali ni kiangazi. Asubuhi hiyo Mabruka alikula, akashiba, akaomba chai. Alasiri mtoto akapiga teke. Nililia mbele ya mke wangu bila haya.

Jioni Peres akaja kuangalia. Safari hii hakucheka.

"Jembe sitaki tena," akasema kwa sauti ya chini. "Kumbe ulimpea kweli? Mgeni akishalima si mgeni, Twahir. Huyo sasa ni wa hapa. Na mwenye amelima anangoja avune."

Hakuna aliyepanda mbegu. Mvua haikunyesha. Mahindi yakaota.

Sasa yamenipita kimo, nayo huchakarika hata pasipo upepo. Mtoto amekua, daktari amefurahi. Mkunga anasema tukae tayari, siku zozote hizi. Nami nimeona ndevu za mahindi zimeanza kukauka.

Jana jioni nikachukua panga, nikaenda nyuma ya nyumba. Nilipoinua mkono, Mabruka alikuwa amesimama mlangoni, kiganja juu ya tumbo. Alikuwa mtulivu, kama mtu anayemrekebisha mtoto mbele ya wageni.

"Usiguse, Twahir," akasema. "Ni jasho la mtu."