Siku Ishirini na Moja za Mtamba

Zipora alikaa juu ya sanduku lake stendi ya Shinyanga, gauni la njano limejaa vumbi, akigombana na kitabu cha chuo cha mifugo.

“Dada, kitabu kimekukosea nini?”

Kijana mrefu, suruali ya bugaluu, shati wazi kifuani. Pantaleo huyo, mchimba dhahabu wa Rwamgasa, Geita.

“Kiingereza hiki! ‘Estrus’, ‘estrous’. Yote ni ng'ombe kutaka dume, na kesho mtihani unataka tofauti.”

Zipora akamsomea maelezo, akimtafsiria. Pantaleo akacheka.

“Mbona rahisi? La kwanza ni joto lenyewe, halizidi siku moja. La pili ni la mzunguko mzima mpaka joto lirudi, siku ishirini na moja. Mimi sikusoma, mrembo, nimechunga.”

Zipora akayatazama meno yake meupe, akasahau basi. Lo, likamwacha!

Mwaka haukuisha, Pantaleo akapeleka ng'ombe wa mahari Tinde, kwa mzee Maige, baba yake Zipora. Wazee wakamtilia shaka mtamba mmoja mwekundu. Wiki nzima dume alimnusa tu, akamwacha.

“Tasa huyo,” akasema shangazi Melania. “Ndivyo anavyomtakia binti yetu?”

Maneno hayo yalimchoma Zipora. Barua ya Pantaleo hakuijibu, mpaka alipoitwa Posta kupokea simu kutoka Geita.

“Zipo wangu, umeninunia?”

“Umeniaibisha!”

“Nimesikia ya mtamba. Joto lilimpita siku moja kabla sijamswaga kuja kwenu. Mwombe baba asubiri lirudi.”

“Na lisiporudi?”

Simu ikakoroma. “Mahari itarudishwa. Wewe utaolewa na mwingine, mimi nitazeekea mashimoni.”

Mzee Maige akakubali shingo upande. Kila alfajiri Zipora alikwenda zizini na khanga mabegani, akaegemea miti, akiota harusi macho wazi. Alimpenda yule mtu, basi. Siku ya ishirini na moja tangu joto lile, mtamba alikula majani, kimya.

“Kesho ng'ombe wote wanarudi kwao,” akasema mzee.

Zipora alilia hadi macho yakavimba. Kulipokucha, mtamba akaanza kulia zizini, akawaparamia wenzake, na dume alipomjia akasimama tuli. Zipora akapiga vigelegele peke yake, bila haya. Shangazi akajifunika uso.

“Ng'ombe wamebaki,” mzee Maige akasema. “Mwite kijana wako.”

Posta, Zipora akaomba aunganishwe na Geita.

“Niambie moja tu, mpenzi,” Pantaleo akasema. “Nije, nisije?”

“Njoo unichukue. Nimechoka kuamka peke yangu.”