Bibi Alipoita

Kwa miaka saba Seremala na mkewe waliishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Pale kila mtu alitumia lugha ya shule. Binti yao alizaliwa hukohuko. Walimwita Kidoti kwa sababu ya alama ndogo nyeusi shavuni.

Kidoti hakufundishwa lugha ya wazazi wake. Wao wenyewe walipotaka kuongea lugha yao, walisubiri mtoto alale. Waliongea kwa sauti ya chini, kama watu wanaoficha jambo.

Kisha kazi ya kiwandani ikaisha. Wakarudi kijijini kuishi na Bibi, mama yake Seremala. Bibi alijua lugha moja tu, ile ya nyumbani.

Siku ya kwanza Bibi alimpakata mjukuu wake na kuanza kumsimulia habari. Seremala alimkatiza kwa upole.

"Mama, tafadhali usimsemeshe kwa lugha yetu. Miezi miwili ijayo anaanza shule. Atachanganyikiwa."

Bibi alimtazama mwanawe. "Haya, baba," alisema. "Nyumba ni yenu."

Tangu hapo Bibi alikuwa akimpa Kidoti ndizi, anamsuka nywele, anamfunika shuka. Hakumwambia neno.

Wiki ya tatu, mchana mmoja, mama yake Kidoti alikwenda mashine ya kusaga. Seremala alikuwa kwenye karakana yake, karibu na barabara. Mawingu yakatanda. Bibi alitoka kuanua nguo, akateleza kwenye ngazi ya mlangoni. Mguu ukalia kama kijiti kikavu.

"Mjukuu wangu," aliita. "Kamwite baba yako. Kimbia."

Kidoti alimsikia vizuri sana. Lakini hakuelewa. Akatabasamu, akaenda kuleta kikombe cha maji.

Bibi akanyoosha kidole kuelekea karakana. Kidoti akatazama kule, akamwona mbuzi wa jirani kwenye mboga. Akaenda kumfukuza. Akarudi amefurahi, akidhani amemaliza kazi aliyotumwa.

Mvua ikaanza. Bibi hakuweza kujivuta, na kila alipoita, kishindo cha mvua kilimeza sauti yake. Hapo Kidoti alitambua kwamba kuna jambo baya. Akaingia ndani, akatoka na mwavuli wa baba yake. Akausimamisha juu ya kichwa cha bibi yake kwa mikono miwili, huku yeye analoa na kulia. Mama yake aliwakuta hivyo, karibu saa nzima baadaye.

Jirani wa kwanza kufika alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Nyumba yake ilitenganishwa na yao kwa ua wa miti tu. Seremala alipoitwa alikuja mbio na mlango mpya aliokuwa akiupiga randa. Wakamlaza Bibi juu yake, wakambeba hadi zahanati. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Ukafungwa plasta ngumu.

Jioni ile Mwalimu alikaa nao sebuleni. Bibi alikuwa amelala. Mama yake Kidoti hakuweza kunyamaza.

"Mtoto alikuwa hapohapo, Mwalimu. Hatua mia moja tu kutoka kwa baba yake. Angejua neno moja tu."

"Tulifanya hivyo kwa ajili ya shule," alisema Seremala. "Niliambiwa lugha mbili zinamchanganya mtoto."

"Nani alikuambia?"

"Msimamizi wetu wa kiwandani."

"Alikuwa mwalimu?"

Seremala alisita. "Alikuwa fundi wa boila."

Mwalimu alitaka kucheka, akajizuia. "Baba Kidoti, leo umemwambia nini binti yako?"

Seremala akafikiri. "Nimemwambia njoo. Kaa. Nawa mikono. Kula. Acha hiyo."

"Na mkeo umemwambia nini?"

"Nimemsimulia habari za yule mteja aliyetaka kabati lipitie dirishani." Akatabasamu kidogo. "Tulicheka sana."

"Kwa lugha gani?"

"Yetu."

Tabasamu la Seremala likaisha. Alikuwa ameelewa kabla hajaambiwa.

"Wewe ni mcheshi, kijiji kizima kinajua," alisema Mwalimu. "Mtu asiyekujua hivyo ni binti yako. Yeye anapata amri tu, kwa sababu lugha ya shule huijui vya kutosha kuchekesha nayo. Nimefundisha miaka ishirini na mbili. Watoto wanaokuja wakiongea vizuri lugha ya nyumbani hawanisumbui. Wanajua kueleza, kuuliza, kufuata habari mpaka mwisho. Nikiwapa maneno mapya, wana mahali pa kuyaweka."

"Na akichanganya maneno?" aliuliza mama.

"Atachanganya, na hilo si ugonjwa. Usimcheke, usimchape. Rudia tu sentensi yake vizuri, uendelee na habari. Kila mmoja amsemeshe kwa lugha anayoijua vizuri. Ukipika, mwambie unachofanya. Lugha ya shule nayo msiitupe. Akiwa nayo, ni faida. Anaweza kuwa nazo zote mbili."

"Hatujachelewa?"

"Ana miaka sita. Hamjachelewa hata kidogo."

Asubuhi Seremala alimwendea mama yake kitandani, akapiga goti.

"Mama, nisamehe. Nilikufunga mdomo nyumbani kwako. Naomba umfundishe mwanangu kuongea."

Bibi alimshika kichwa. "Mlete," alisema. "Mimi siendi popote na mguu huu."

Wakaanza na vitu vya chumbani. Kikombe, shuka, dirisha, mto. Kidoti alikosea, Bibi akarudia, wakacheka wote. Kisha zikaja hadithi. Wiki za kwanza Kidoti alishika neno hapa na pale. Watoto wa jirani waliokuja kucheza walimwongezea mengine mengi, hata yale ambayo mama yake hakuyapenda. Seremala naye alianza kumsimulia vituko vya wateja. Mara ya kwanza binti yake alipocheka palepale penye kichekesho, Seremala aliacha kula, akabaki anamtazama.

Shule ilipofunguliwa, Kidoti aliinua mkono siku ya kwanza. Alisimulia hadithi ya Bibi kwa lugha ya shule. Neno likimpotea alilisema kwa lugha ya nyumbani, na Mwalimu akamsaidia.

Wiki iliyofuata Kidoti na wazazi wake walimpeleka Bibi kutolewa plasta. Muuguzi alikuwa mgeni, hajui lugha ya pale. Kabla mama hajafungua mdomo, Kidoti alisogea katikati.

"Muulize kama anaumwa nikibonyeza hapa," alisema muuguzi.

Kidoti akauliza. Bibi akajibu kwa kirefu.

"Anasema mguu hauumi," alisema Kidoti. "Ila anasema mikono yako ni baridi kama ya muuza samaki."

Muuguzi alicheka hadi akaweka mkasi chini. Bibi akamvuta mjukuu wake karibu.

"Mwambie nashukuru sana," alisema. "Na wazazi wako nawashukuru pia kwa kutuacha tuongee, waambie."

Kidoti akamgeukia muuguzi, akamfikishia shukrani za Bibi. Za wazazi hakuwa na haja ya kuzifikisha. Walikuwa wamezisikia wenyewe, na mama yake alikuwa ameshika mlango, anafuta macho.