Droo ya Mkuyuni

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu ya pili ya Mei 1996, karani Editha alifungua ofisi ya Mradi wa Kuwafundisha Vijana Kazi, mjini Morogoro, akapiga yowe lililowatoa mafundi karakanani. Majalada yalikuwa yametapakaa sakafuni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo kama alivyouacha Ijumaa, na madirisha yalikuwa na nondo zake zote.

Sajini Ignas wa upelelezi alifika saa tatu. Alikuwa mtu wa Songea, mzito wa mwili na mzito zaidi wa kuamini maneno ya watu. Hakugusa kitu. Alisimama mbele ya kabati la chuma akalitazama kama mtu anayesoma gazeti.

"Umelipangaje hili, dada?"

"Kwa nyumbani kwao kijana, afande," Editha alijibu. "Mwezi wa tatu wafadhili walitaka kumbukumbu zipangwe upya. Kila tarafa nikaipa droo yake. Tukaleta mpiga picha, picha moja kwa kila kijana anayeendelea na mafunzo. Nikaibandika kwenye fomu, nikagonga muhuri wa tarehe, nusu kwenye fomu, nusu kwenye picha. Zilikuwa nyingi na mkono ulichoka. Wengine nimewagonga hata usoni."

Droo iliyomwagwa ilikuwa ya Mkuyuni. Ignas alimwomba Editha ayahesabu majalada yake, na hakuna hata moja lililopungua. Droo ya Turiani ilikuwa imevutwa kidogo tu, majalada yamesimama kwa adabu, ila katikati palikuwa na pengo.

"Limekosekana la nani?"

Editha aliingiza mkono kwenye pengo. "La Dominiko."

Jina hilo Ignas alilijua. Mwishoni mwa Aprili kijana wa darasa la uchomeleaji alishika mashine yenye waya uliochubuka, umeme ukamrusha, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Ofisi ya kazi ilikuwa imepanga kuja Jumatano kuchunguza kifo hicho.

Mratibu wa mradi, Bwana Evance, aliingia akiwa na shati jeupe na saa ya dhahabu. "Kikulacho ki nguoni mwako, Sajini. Ufunguo wa pili anao mlinzi, Hatibu. Mkamate, tuendelee na kazi."

"Na faili la marehemu lingemsaidia nini mlinzi?"

"Nitajuaje? Tena marehemu mwenyewe hakuwa mwanafunzi wetu. Aliacha mafunzo Februari. Siku ile alijiingiza tu karakanani. Masikini, Mungu amrehemu."

Ignas alimgeukia karani. "Ni kweli aliacha?"

Editha alitazama viatu vyake. "Sikumbuki vizuri, afande."

Ignas hakumlaumu sana. Viwanda vya mji vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, na wanaume waliokuwa wakivaa ovaroli sasa walikuwa wakitembeza mitumba barabarani. Aliyekuwa na kiti cha kukalia alikikalia kimya. Lakini moyoni alikwisha kumwekea alama Evance. Faili likipotea, Dominiko anakuwa mpita njia, na waya uliochubuka unakosa mwenyewe. Nani mwingine alikuwa na haja nalo?

Hata hivyo ufunguo ulikuwa kwa Hatibu, na mkuu wa kituo alitaka mtu. Saa tano mzee Hatibu alikuwa mahabusu, akilia kwa aibu.

"Funguo hazijatoka kwangu, mwanangu, wallahi. Mwaka wa sita huu nalinda pale."

Ignas alirudi mradini kuongea na waliobaki. Jikoni, kibanda cha mabati pembeni ya ofisi, alimkuta mpishi, Mama Filomena, mwanamke wa makamo aliyejifunga kanga nyeusi kiunoni, akikoroga uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa, unywe uji."

"Ulimfahamu Dominiko?"

Mwiko ulisimama. "Mwanangu yule alipenda uji wenye tangawizi nyingi. Nikimtilia kidogo ananuna." Akaanza tena kukoroga. "Mzee Hatibu mtamwachia lini? Hakufanya kitu yule."

"Unajuaje?"

"Namjua tu."

Ignas alikunywa uji akaondoka. Wapishi wote wanawaita vijana 'wanangu', alijiambia, na hilo akalisahau.

Jioni, nyumbani kwake, aliketi mezani akiwa hataki kula. Mkewe Modesta, Mluguru wa Kinole, huko huko tarafa ya Mkuyuni, alimsogezea sahani.

"Umenuna na nani?"

"Na mwizi mjinga. Anatafuta jalada la kijana wa Turiani, anaivuruga kwanza droo ya Mkuyuni yote. Mratibu anajua ofisi yake. Angekwenda moja kwa moja."

"Huyo kijana wa Turiani ni mtu gani?"

"Baba yake mfanyakazi wa mashamba ya miwa, mtu wa Mbeya."

"Nimekuuliza ni mtu gani, wewe unanitajia baba. Mama yake je?"

"Fomu inauliza nyumbani kwa baba."

Modesta alicheka. "Fomu yenu hiyo! Ignas, hawa watoto wanne unaowalipia ada, unadhani ni wako? Hapa umekaribishwa tu. Wakiulizwa kwao ni wapi, kwao ni Kinole, kwa mama yao na wajomba zao. Ukifa leo, kesho nawapandisha mlimani. Mluguru akimtafuta mtoto, anamtafutia kwa mama."

Ignas aliweka kijiko chini. Mratibu Evance alikuwa Mchaga. Editha alikuwa amezipanga droo kwa mkono wake mwenyewe. Hatibu alikuwa Mndengereko wa Rufiji. Hakuna hata mmoja wao ambaye angemtafuta kijana yule Mkuyuni.

Alfajiri ya Jumanne, kabla ya kwenda mradini, alipita mahabusu. Hatibu alikuwa akijiandaa kusali. Alikuwa ameomba maji ya udhu, na kabla ya kuyagusa alivua kofia na kikoi cha mabegani, akavitundika kwenye msumari wa ukutani, polepole, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Ignas alisubiri hadi amalize kusali.

"Mzee, kule kazini udhu unatilia wapi?"

"Bombani, mlango wa jikoni."

"Na funguo?"

"Natundika kwenye msumari wa jikoni zisilowe. Nikimaliza kusali nazichukua." Akamtazama. "Lakini huko si kuziacha, mwanangu. Nilikuwa nasali."

"Nani anakuwa jikoni saa hizo?"

Mzee alichukua kofia yake msumarini. Alikwisha kuelewa, na hakutaka kulitamka jina.

Saa mbili Ignas alikuwa ameinama mbele ya jiko la mafiga la mradi, akichakura jivu kwa kijiti. Alipata alichokitafuta: kile kibanio cha chuma kinachoshika karatasi ndani ya jalada, kimepinda na kuwa cheusi kwa moto. Alikifuta kwa leso, akakitia mfukoni. Hakuona raha yoyote. Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kutamani hivyo kuwa amekosea.

Saa nne aliwaita ofisini Evance, Editha na Mama Filomena. Hatibu aliletwa na askari, akakalishwa karibu na mlango.

"Mratibu," Ignas alianza, "nilikudhania wewe. Ulikuwa na sababu kuliko mtu yeyote. Lakini wewe ungeivuta droo ya Turiani na kuondoka. Huyu mwizi alikwenda Mkuyuni kwanza, akafungua jalada moja moja, akachanganyikiwa, akayamwaga. Ndipo akakumbuka kwamba serikali inamwandika mtoto kwa baba yake. Aliingia alfajiri ya Jumatatu, mzee Hatibu akiwa kwenye sala, kwa funguo zilizokuwa zinaning'inia jikoni." Aliweka kibanio mezani. "Hiki kimetoka kwenye jivu."

Ignas alilainisha sauti.

"Mama Filomena. Mama yake Dominiko ni nani wako?"

"Mdogo wangu," mpishi alisema. "Bernadeta. Tumbo moja. Kwa hiyo Dominiko ni mwanangu, nilikwambia, ukanywa uji ukaenda zako."

"Ulinambia," Ignas alikiri. "Mbona hapa ofisini hawakujua?"

"Nani aliniuliza? Waliandika jina la baba yake, wakamaliza." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Jumamosi tunaondoa tanga. Kuna kitoto cha binti wa ukoo wetu kitarithi jina la Dominiko. Mdogo wangu anasema, kionyeshwe sura ya mwenye jina. Hatuna picha. Hakupigwa picha tangu azaliwe, ila hii ya kwenu. Nilikuja kwa huyu dada nikiwa nimepiga magoti. Mara mbili."

Editha alijifunika uso. "Mratibu alisema mafaili yasiguswe, wakaguzi wanakuja. Nilimwambia alete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Nisamehe, mama."

"Nilitaka picha tu. Nikasikia mzee anakohoa, anarudi. Nikaichomoa picha, makaratasi nikayasukumia chini ya sufuria."

Evance alishusha pumzi ndefu, na alijisahau akatabasamu. "Basi, yamekwisha. Mama kafiwa, ubinadamu mbele. Mimi sina kesi naye. Mwachieni mzee Hatibu, na huyo wa ofisi ya kazi tutamweleza kwamba faili limeungua. Bahati mbaya."

Mama Filomena alimtazama mratibu, kisha sajini. "Ana maana gani?"

Ignas angetoa mshahara wa mwezi asijibu swali hilo. "Yale makaratasi, mama, ndiyo yaliyokuwa yanaonyesha kwamba Dominiko alikuwa mwanafunzi, na siku ile alikuwa mahali pake. Bwana huyu anasema aliacha Februari."

Mpishi aliketi sakafuni. Hakulia kwa sauti. Alisema tu, taratibu, "Nimempikia uji kwa makaratasi yake." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Ignas, baba wa watoto wanne wa ukoo wa watu, alilazimika kugeukia dirishani.

Alipogeuka alisema, "Nionyeshe picha."

Ilikuwa kifuani mwake, imeviringwa kwenye pindo la kanga. Kijana mwenye shingo ndefu, shati la kuazima, macho yaliyojaa kicheko alichokuwa amekizuia kwa ajili ya mpiga picha. Muhuri ulikuwa umemwangukia mdomoni. Ignas aliisogeza kwenye mwanga.

"Mradi wa Kuwafundisha Vijana Kazi," alisoma. "Tarehe kumi na nane Machi 1996. Editha, picha hizi walipigwa akina nani?"

Karani alitazama viatu vyake, kisha akainua uso. "Waliokuwa wanaendelea na mafunzo tu, afande. Dominiko hakuacha. Nitaandika maelezo."

Tabasamu la Evance lilikufa. Ignas alimwamuru asitoke nje ya mji.

Hatibu aliachiwa saa hiyo hiyo. Alimpita mpishi pale sakafuni, akasita, akamwekea mkono kichwani.

"Nipe sasa picha yangu," Mama Filomena alisema.

"Siwezi, mama. Sasa ni kielelezo. Itakaa mahakamani mpaka kesi iishe."

"Mpaka lini?"

"Mwaka. Labda miwili."

Mpishi aliinuka pale sakafuni. "Mlimchukua mtoto. Sasa mnachukua na uso wake."

Kabla ya kuiandikisha picha kituoni, Ignas alipita studio akaomba ipigwe picha nyingine kutokana nayo, kubwa, ya kutia kwenye fremu. Mpiga picha aliigeuzageuza.

"Wino huu siwezi kuutoa, afande. Nikiufuta, nafuta na mdomo."

Jumamosi alipanda mwenyewe hadi Mkuyuni, bila sare. Mama Filomena, aliyekuwa nje kwa dhamana, alimpokea fremu bila salamu, akampelekea mdogo wake mkekani. Misa ilikuwa imekwisha. Kitoto kilichokuwa kimepewa jina kilikuwa kimelala mgongoni kwa mama yake.

Bernadeta aliipakata fremu. Aliigusa paji la uso, akagusa macho, akafika mdomoni. Akalowesha ncha ya kanga kwa mate, kama mama anavyomfuta mtoto uji, akaanza kufuta.

"Mbona hautoki?" alimuuliza dada yake.

Aliendelea kufuta.