Mkate wa Kulazwa wa Mama Lavender

Gesare na mumewe Angwenyi wanaishi karibu na soko la Ekerenyo. Wana shamba la chai na migomba. Nyamusi, mama mzazi wa Angwenyi, anaishi nao. Binti yao Lavender ni fundi wa cherehani pale sokoni.

Kila asubuhi Gesare hufunga kikapu mgongoni na kwenda kuchuma chai kabla jua halijawa kali. Saa nne hurudi nyumbani. Hapo familia hunywa chai kwa viazi vitamu au ndizi za kuchemsha.

Wiki ile Gesare hakuwa na raha. Wageni walikuwa wanakuja Jumapili, saa nne asubuhi. Walikuwa wanatoka Kenyenya. Kijana wao, Onyiego, alitaka kumwoa Lavender. Mama Onyiego alijulikana kwa kuchunguza mambo. Watu walisema aliwahi kukataa uji wa watu kwa sababu kikombe kilinuka sabuni.

Nyumbani kwa Gesare ni Waadventista. Jumamosi ni Sabato, hawapiki. Jumapili asubuhi kungekuwa na kuku wa kuchinja na matoke ya kumenya. Chapati za wageni kumi angezipika saa ngapi? Shida hiyo alimweleza jirani yake, Anyiko, huku wamesimama kwenye ua wa michongoma.

Anyiko ni mzaliwa wa Homa Bay, kando ya ziwa. Alihamia Ekerenyo miaka miwili iliyopita, kufundisha upishi katika chuo cha ufundi. Watu humwita Mwalimu.

"Mama Lavender, fanya mkate wa kulazwa," Anyiko alisema. "Unakata mkate wa jana. Unaulaza usiku kucha kwenye mayai na maziwa, mahali pa baridi. Asubuhi unaoka tu. Wageni wakifika, unakaa nao."

Kisha akampa mayai sita ya kuku wake, ajaribu kwanza.

Nyamusi aliona yote akiwa mlangoni. Gesare alipoingia ndani, alimuuliza, "Amekuuzia?"

"Hapana, Mama. Amenipa tu."

"Mtu anakupa mayai bure, wiki ambayo unangoja wageni?" Nyamusi alitikisa kichwa. "Haya. Mimi nimenyamaza."

Jumatano jioni Gesare alikata mkate na kuulaza kwenye mayai na maziwa. Alifunika bakuli kwa sahani na kuliweka stoo, ndani ya beseni la maji baridi.

Alhamisi asubuhi alilikuta bakuli mahali pale pale. Aliuoka mkate ndani ya sufuria. Kuni zilikuwa mbichi, na moto ulikuwa mdogo. Mkate ulipogeuka rangi juu, aliutoa na kuufunika mezani. Kisha akaenda shambani bila kula.

Saa nne Angwenyi, Nyamusi na Lavender waliula wote, wakausifu. Gesare alirudi baadaye na kunywa chai kavu.

Usiku wa Alhamisi haukuwa mzuri. Lavender alitapika. Angwenyi alishikwa na tumbo la kuhara. Nyamusi alitetemeka kwa homa.

Ijumaa asubuhi hakuna aliyekuwa na nguvu. Lakini maneno yalikuwepo.

"Mama," Lavender aliuliza polepole, "kwa nini wewe hukula?"

"Nilikuwa shambani. Si unajua?"

"Najua. Nauliza tu."

Gesare alimtazama mumewe amsaidie. Angwenyi aligeuza uso. Alipotaka chai, aliinuka kwa shida akajimiminia mwenyewe. Tangu waoane, hakuwa amewahi kufanya hivyo. Gesare alitoka nje akasimama nyuma ya jiko, asionekane akilia.

Nyamusi naye alikuwa ameyaokota maganda ya mayai kutoka shimo la takataka. Aliyageuza juani, moja baada ya lingine, akitafuta alama.

"Yule mwanamke wa ziwani," alisema. "Anajua ni nini alichotia humu. Hataki msichana wetu aolewe."

"Lakini Magokoro, atapata faida gani?" Lavender alimuuliza bibi yake.

"Mwenye wivu hatafuti faida."

Maneno yalitoka nje ya ua. Kufikia saa sita, sokoni watu walijua kwamba nyumba ya Angwenyi imelishwa kitu.

Anyiko alisikia akiwa chuoni. Alikuja jioni, saa kumi, akiwa na pakiti za dawa ya maji ya chumvi na sukari kutoka dukani. Nyamusi alikuwa amekaa mlangoni. Hakumpisha.

"Bwakire, Mama," Anyiko alisalimia kwa Kikisii.

"Hiyo ni salamu ya asubuhi," Nyamusi alijibu kwa Kiswahili. "Sasa ni jioni. Unataka nini?"

"Nimesikia mnaugua. Nimeleta dawa ya kurudisha maji mwilini. Pakiti zimefungwa, hakuna aliyezifungua. Mnachanganya na maji yaliyochemshwa yakapoa. Anayehara damu, au anayezidiwa na homa, aende hospitali leo. Asingoje kesho."

Nyamusi alipokea pakiti. Aliminya kila kona kuona kama kuna tundu. "Na mayai yako?" aliuliza.

"Nimekuja kwa ajili ya hayo pia. Naomba niulize maswali. Nikionekana nina kosa, nitalikubali mbele yenu."

Angwenyi alimwita kutoka ndani aingie. Nyamusi alisogea kidogo, upana wa mtu mmoja.

"Mama Lavender," Anyiko alianza, "mkate uliulaza wapi?"

"Stoo. Ndani ya maji baridi. Ulisema mahali pa baridi."

Anyiko alishika kichwa. "Kosa la kwanza ni langu. Mimi nikisema baridi, nina maana ya friji. Sikukuuliza kwako baridi ni nini. Stoo hata ikiwa na ubaridi, haitoshi. Mayai mabichi na maziwa yakikaa usiku kucha nje ya friji, vijidudu vinazaana humo. Huvioni, na hunusi harufu. Na maziwa, uliyachemsha?"

"Nilichemsha. Nikayaacha yapoe."

"Hapo ulifanya vizuri. Ulipokata mkate uliookwa, katikati ulikuwaje?"

Lavender ndiye aliyejibu. "Ulikuwa laini sana. Una majimaji, kama yai halijaiva."

"Basi moto haukufika katikati. Vijidudu havikufa." Anyiko alifikiri kidogo. "Lakini mmeugua wote watatu, tena sana. Mko na uhakika bakuli lilikaa stoo usiku wote?"

"Nililikuta pale pale," Gesare alisema.

Nyamusi alitazama maganda yake ya mayai. Akayasukuma kando kwa mguu.

"Halikukaa stoo," alisema.

Wote walimgeukia.

"Stoo haina kufuli. Nilifikiri, huyu jirani akipita usiku atatia kitu kingine. Mke wa Angwenyi alipoingia kulala, nikalichukua. Nikaliweka karibu na kitanda changu, pale mekoni. Alfajiri nikalirudisha kabla hajaamka."

"Mekoni ulikuwa umeacha moto?" Anyiko aliuliza.

"Makaa. Mimi nahisi baridi sana usiku."

Anyiko hakupaza sauti. "Mama, joto la makaa ndilo vijidudu vinalopenda. Bakuli lilikaa joto kama mtoto mgongoni."

Angwenyi alijiinua kitandani. "Mama! Na sisi tumemtazama mke wangu kama mchawi tangu asubuhi?"

Nyamusi alimwambia Lavender alete maji yaliyochemshwa, kisha akamwaga pakiti moja ndani. Aliyakoroga, akayanywa yote.

Jumamosi wagonjwa walikuwa wamepata nafuu. Gesare hakutaka tena kusikia habari za mkate wa kulazwa. "Nitaamka usiku nipike chapati," alisema.

Anyiko alimwambia, "Usiukimbie mkate. Kimbia kosa. Wasio na friji hawalazi mayai na maziwa kabisa. Jioni wanakata mkate tu, wanaufunika ukiwa mkavu. Asubuhi ndipo wanachanganya mayai na maziwa, wanaloweka kwa nusu saa, wanaoka. Lakini wewe Jumapili una kazi nyingi. Friji yangu ipo."

"Chakula chetu kilale nyumbani kwako?" Nyamusi aliuliza. Hakuwa amekoma kushuku. Alikuwa amepunguza sauti tu.

"Njoo ukione kikilala, Mama."

Jua lilipozama na Sabato kuisha, Nyamusi alivaa leso yake na kumfuata Gesare kwa Anyiko. Alikaa kwenye kigoda katikati ya jikoni, akatazama kila mkono.

Walinawa kwa sabuni. Nyamusi alinusa sabuni. Anyiko alichagua mayai kumi na mawili, akayakataa mawili yenye ufa na kuchukua mengine. Gesare alipaka majarini kwenye sufuria pana mbili, akapanga vipande vya mikate miwili ya jana. Aliutazama kila mkate usiwe na ukungu. Kisha akapiga mayai pamoja na vikombe vinne vya maziwa yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya sukari, mdalasini na chumvi kidogo.

"Onja," Nyamusi alimwamuru Anyiko.

"Siwezi, Mama. Mayai ni mabichi. Hata yangu mwenyewe siwezi kuonja."

Nyamusi alilifikiria hilo jibu. Halikuwa jibu alilolitegemea.

Gesare alimimina mayai juu ya mkate, akakandamiza kwa kijiko hadi kila kipande kikalowa. Wakanawa tena. Anyiko alifungua friji. Hapakuwa na nyama humo. "Nyama mbichi isikae juu ya chakula hiki," alieleza. "Ikidondosha maji, tumeharibu."

"Na stima ikipotea?"

"Nikiamka nikute imepotea muda mrefu, tunamwaga. Hatujaribu bahati."

Kabla sufuria hazijaingia, Nyamusi alitoa uzi mweusi kutoka mfukoni. Alifunga kila kifuniko, akapiga mafundo saba. Gesare aliinamisha macho kwa aibu. Anyiko alimshikia uzi usiteleze.

Saa moja asubuhi Nyamusi ndiye aliyekuwa wa kwanza kubisha kwa jirani. Alihesabu mafundo. Yalikuwa saba. Aligusa sufuria, akaondoa mkono haraka. "Ee! Hii ndiyo baridi?"

"Hiyo ndiyo, Mama."

Walizibeba hadi jikoni kwa Gesare. Mara hii kuni zilikuwa kavu. Gesare alipasha moto masufuria makubwa mawili yenye mchanga chini. Ndani yake akaweka zile sufuria pana, akafunika kwa mabati na kuweka makaa juu. Anyiko alikuwa amemwonyesha namna. Mkate ukafura, ukawa na rangi ya asali. Baada ya dakika arobaini Gesare alichoma kisu katikati. Kikatoka na majimaji.

"Juu umeiva," Lavender alisema. "Na saa inakimbia."

"Katikati bado," Gesare alijibu. Akarudisha kifuniko.

Baada ya dakika kumi na tano alichoma tena. Kisu kilitoka safi. Akapanga vipande vya ndizi mbivu juu yake.

Saa nne wageni walikuwa wamekaa. Gesare alikuwa amekaa nao, nguo safi, uso hauna moshi. Anyiko alialikwa, akachukua kiti karibu na mlango. Mkate ulinukia mdalasini nyumba nzima. Onyiego alinyoosha mkono.

"Ngoja," mama yake alisema.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini. "Msinielewe vibaya. Kenyenya si mbali. Tulisikia kwamba Alhamisi nyumba hii ililishwa kitu. Tena tulisikia ni mkate. Na leo ninaona mkate."

Lavender alishika ukingo wa kiti. Macho ya wageni yalianza kuhama, moja moja, hadi kwa mwanamke mgeni aliyekaa mlangoni. Anyiko aliweka kikombe chake chini.

Nyamusi alijua jinsi ilivyokuwa rahisi. Angesema neno moja tu, na kila mtu angeamini.

"Ni kweli tuliugua," alisema. "Mwenye kosa ni mimi."

Akaeleza yote, stoo na mekoni, makaa, na hata maganda aliyoyaokota shimoni. Hakuficha kwamba alimshuku jirani, wala kwamba alimwacha mke wa mwanawe ashukiwe siku nzima. "Niliogopa mtu atatia sumu. Mimi mwenyewe nikaipika sumu kando ya kitanda changu. Huyu Mwalimu alinifundisha hata nilipokuwa nanusa sabuni yake."

Kisha akakata kipande cha katikati, pale ambapo mkate huchelewa kuiva. Akakiinua wote wakione. Kilikuwa kikavu na laini. Akala, akameza, akangoja.

Mama Onyiego aliinama mbele.

"Mama," alisema, "nimeingia nyumba nyingi kwa ajili ya kijana huyu. Kila nyumba hunionyesha sahani safi. Hakuna iliyowahi kunionyesha kosa lake." Akavuta sahani yake karibu. "Nipe hapo hapo katikati."

Walikula hadi sufuria ya kwanza ikaisha. Ya pili ilibaki na vipande vitatu. Gesare hakuviacha mezani hadi jioni. Alivipeleka kwenye friji ya jirani kabla saa mbili hazijapita. Wanaume walizungumza habari za mahari, na mwezi wa harusi ukapangwa. Mama Onyiego alitaka kujua mayai ni mangapi, maziwa ni kiasi gani, na asiye na friji afanyeje. Gesare alimweleza taratibu. Angwenyi alisimama, akachukua chupa ya chai na kummiminia mkewe kwanza, mbele ya wageni wote.

Nyamusi aligeuka kuelekea mlangoni.

"Mwalimu," aliita, "kiti hicho ni cha wapita njia. Kilete huku, ukae karibu na mimi."