Matawi Makavu ya Ua wa Kayaba

Jumamosi hiyo Diana alianza kufagia uwanja kama kawaida, lakini hakumaliza. Kesho yake jumuiya ingekuja kusali kwao, na macho yake yalirudi tena na tena kwenye ua wa kayaba: mrefu, wenye miiba, umejaa matawi makavu. Majirani wengi wa Kapseret walikuwa wameng'oa kayaba zao na kuweka seng'enge.

"Kwenu ni msitu," rafiki yake Jebet alikuwa amemwambia shuleni. "Tukija kusali tubebe mapanga?" Wenzao walicheka sana.

Diana aliketi, akainuka, akaketi tena. Wazazi wake walikuwa sokoni. Mwishowe akachukua panga.

Alikata matawi makavu, akayarundika, akaleta kiberiti. Alipoinama, tawi moja lilivuma. Kwenye tundu la mviringo akatokea nyuki mkubwa mweusi, kisha mwingine. Wakazunguka pale walipozoea kuishi, kama waliopotea.

Diana aliwafahamu. Ndio walioingia kwenye maua ya karakara kila mchana, na mauzo ya matunda hayo ya pasheni ndiyo yaliyowalisha nyumbani.

"Nani amekata ua?" Baba yake, Shitanda, alikuwa amesimama langoni.

Diana angeweza kumsingizia ng'ombe. "Ni mimi, Baba. Niliona aibu. Wananicheka."

"Umechoma?"

"Bado."

"Basi leta kamba, haraka! Jioni nyuki wakirudi wakakosa nyumba, watahama."

Waliyafunga matawi tena kwenye ua moja moja, matundu yakitazama chini mvua isiingie. Miiba ilimchoma Diana, lakini hakupumzika.

Siku ya pili, baada ya sala, Mama Jebet aliutazama ua. "Mama Diana, mtafyeka lini? Nyoka watatuuma!"

Maximilla, mama yake Diana, alicheka, akawapeleka wageni kwenye karakara. Nyuki mweusi aliingia ndani ya ua moja la karakara, akatoka na mgongo wa njano kwa chavua.

"Karakara zetu hazishiki matunda," Mama Jebet alisema polepole. "Maua yanaanguka tu."

"Kwenye seng'enge nyuki huyu atalala wapi?" Maximilla alimgeukia binti yake. "Usafi ni mzuri, mwanangu. Lakini usikate kitu kwa sababu watu wanakicheka. Uliza kwanza kinafanya kazi gani."

Jebet alimvuta Diana kando. "Unaweza kunipa tawi moja lenye nyuki?"

"La msituni?"

"Diana, wacha!"

"Lete kamba," Diana akasema.