Kome na Kiraka cha Atumani

Kila mchana Atumani alitoka mtaani kwao, Jabe, kwa baiskeli. Alipeleka chakula hospitalini. Mke wake, Mwanasiti, alikuwa huko na mtoto wao Soumaya, aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Hospitalini kila mgonjwa alilishwa na watu wake. Mwanasiti alihitaji kula vizuri ili apate nguvu ya kunyonyesha.

Ilikuwa mwaka 1997, wakati wa vita. Petroli ilikuwa adimu, na mabasi yalipita kwa nadra. Jioni ilikatazwa kutembea.

Siku moja gurudumu la nyuma liliisha upepo. Atumani alikuwa fundi wa kushona. Kwa sindano humwezi, lakini kwa baiskeli alikuwa na pupa. Alitia mpira wa ndani kwenye beseni la maji, akaona mapovu, akapata tundu. Hapo hapo akapaka gundi na kubandika kiraka. Kikatoka. Akabandika kingine. Nacho kikatoka. Gundi ilibaki kidogo, na madukani haikuwepo. Atumani alikaa chini, akalia.

Jirani yake, Mwalimu Marguerite, alimsikia.

"Baba Soumaya, kuna nini?"

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Machozi yakazidi.

"Mwalimu, kiraka inakataa! Mwanasiti ananingojea, hajakula."

Marguerite aliushika mpira. "Lakini hii iko na maji! We unajua kome?"

"Apana. Ni mutu gani?"

Marguerite akacheka. "Si mutu. Ni munyama wa bahari, iko na maganda mbili. Niliiona Senegal wakati nilikuwa nasoma. Mawimbi inaipiga, lakini haiachi jiwe. Inajifunga na nyuzi."

Neno nyuzi lilimwamsha fundi. "Nyuzi? Inatoa wapi?"

"Inatengeneza yenyewe, chini ya maji. Iko na muguu moja, laini kama ulimi. Kwanza inakandamiza muguu kwa jiwe, inafukuza maji. Kwa ule muguu kuko mufereji. Ndani yake inamwaga protini, bado ni majimaji. Protini ni kitu kama kile kinafanya nywele zako. Halafu inangoja. Ile majimaji inakuwa ngumu, inakuwa uzi. Sasa ndio inatoa muguu, inaanza uzi ingine."

"Inangoja?"

"Dakika kidogo. Haina haraka kama we! Kome inajua kufukuza maji. We hujui. Kausha."

Atumani aliupangusa mpira mpaka ukakauka kabisa. Akaukwaruza kwa msasa. Akapaka gundi iliyobaki, nyembamba. Mkono wake ukaenda kwenye kiraka.

"Ngoja kwanza," alisema Marguerite. "Gundi ikauke kidogo."

Walingoja pamoja. Kisha Atumani alibandika kiraka na kukikandamiza kwa nguvu. Akajaza upepo. Alitia mpira tena majini. Hakuna povu lililotoka.

Alifika hospitalini jua likiwa limeinama. Mwanasiti alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Nilizani wamekuua njiani," alisema.

"Ni mupira tu, mama. Ilitoboka."

Alimshika mkono, wakaingia. Mwanasiti alikula maharage yote, akafuta bakuli kwa kidole. Kisha akampa Soumaya ziwa. Mtoto alinyonya polepole, akapumzika, akanyonya tena. Atumani alimtazama kwa furaha kubwa. Ilibidi muuguzi amkumbushe kwamba jioni inaingia, aende nyumbani.